Mto Msimbazi: tusipime maji peke yake, tupime tope na viumbe wanaokula tope

MtoHai (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila masika tunaongea habari za Msimbazi kwa namna moja: maji yamejaa Jangwani, barabara imefungwa, watu wamepoteza vyombo na wengine uhai. Ni haki tuongee hivyo. Lakini kazi yangu ni kupima sampuli za maji na udongo, na kuna upande wa mto huu unaoniuma na siusikii ukizungumzwa: tope la chini na viumbe wanaoishi ndani yake.

Mto wenyewe si mrefu. Unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unateremka kilomita kama 35 ukipita Ukonga, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, unamwaga baharini pale daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito vya Sinza na Ubungo. Kwa hiyo kila kinachooshwa na mvua katikati ya jiji kinaishia humo: mafuta ya gereji, maji ya viwandani, kutu na zinki ya mabati ya paa, vumbi la breki na matairi, asidi na risasi ya betri zilizopasuliwa uani. Ongeza na dampo za zamani. Wenye umri wanakumbuka dampo la Tabata ambalo wakazi walilipeleka Mahakama Kuu mwaka 1988 wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Dampo likifungwa, yaliyomo hayaondoki nalo.

Sasa sikilizeni hapa. Metali kama risasi, kadmi, kromi, shaba na zinki zikiingia mtoni hazikai majini muda mrefu. Zinashika chembe za mfinyanzi na uchafu unaooza, halafu zinazama. Ndiyo maana mtu anaweza kuchota chupa ya maji Kigogo leo, akaipeleka maabara, akaambiwa risasi iko chini ya kiwango. Jibu hilo ni la kweli kwa maji yale na kwa saa ile. Kesho yake kiwanda kikifungulia bomba usiku, chupa haijui. Tope linajua, maana linapokea kila siku na halisahau.

Na ndani ya tope kuna wenyeji. Shuka ukingoni sehemu maji yanapotulia, chota tope jeusi kiganjani, lipasue taratibu. Utaona nyuzi nyekundu zinajikunja. Nyingine ni minyoo wa tope, jamii ya tubifeksi. Nyingine, fupi na zenye kichwa kigumu, ni vibuu vya vidudu wanaofanana na mbu ila hawaumi, wataalamu wanawaita kironomidi. Wekundu wao ni himoglobini, kama ya damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi pale ambapo hewa ya oksijeni karibu haipo. Hawa hula tope lenyewe. Mnyoo huyu huzamisha kichwa chini, huacha mkia juu ukipepea, humeza tope la kina cha sentimita kadhaa na kulitoa juu usiku na mchana. Samaki anamla mnyoo, ndege anamla kibuu, kaa anakula chochote. Mbele kidogo kuna binadamu na sufuria.

Hoja yangu ni moja: mamlaka ikitaka kujua hali ya mto huu, ipime tope na ipime miili ya viumbe hawa, kila mwaka, sehemu zilezile. Naomba tujadili.

---

kigogo_juu

Mkuu, mimi nimekulia bonde hili. Swali langu la kawaida tu: kama minyoo wamejaa namna hiyo na wako hai, si ina maana tope halina sumu? Kitu chenye sumu kingewaua.

---

MtoHai

Swali zuri sana kaka, na wengi wanalo.

Wingi wa minyoo haumaanishi usafi. Mara nyingi ni kinyume chake. Mto ukijaa kinyesi na damu ya machinjio, oksijeni inaisha, wale viumbe laini wanaohitaji maji safi wanakufa au wanahama, na wanaobaki ni wachache wa aina lakini wengi wa idadi. Tanzania tunacho kipimo chetu cha kusoma hali ya mto kwa viumbe hawa, kinaitwa TARISS, kilichotengenezwa na watafiti kwa ajili ya mito ya nchi hii. Kila jamii ya viumbe ina alama zake. Minyoo na kironomidi wana alama za chini kabisa. Ukikuta hao tu, mto unaumwa.

Kuhusu sumu, kuna kisa cha Marekani ambacho kila mtu anayejali mito anapaswa kukijua. Kwenye Mto Hudson, jimbo la New York, kuna ghuba ndogo inaitwa Foundry Cove. Kiwanda cha betri kilianza kumwaga kadmi na nikeli pale mwaka 1953 hadi 1979. Minyoo hawahawa wa tope hawakuisha. Watafiti walipowachukua na kuwalinganisha na minyoo wa eneo safi la jirani, wakakuta wa Foundry Cove wamepata ustahimilivu wa kurithi, watoto wao wanazaliwa nao, na umejengeka ndani ya miaka isiyozidi 30. Tope liliposafishwa mwaka 1994 na 1995, ustahimilivu ukaanza kupotea ndani ya vizazi vichache tu.

Kwa hiyo mnyoo anaweza kuwa mzima wa afya huku mwili wake umebeba kadmi ya kutisha. Anaifungia. Ana protini maalumu inayoitwa metalothayonini, inashika kadmi na shaba ili zisiharibu seli. Nyingine anaigeuza chembe ngumu ndogondogo na kuiweka pembeni. Hii inamsaidia yeye. Anayemla hajasaidiwa sana: kilichofungwa kwenye protini samaki anakimeng'enya na kukichukua chote au karibu chote, kile kilichokuwa chembe ngumu ndicho kinachopita tumboni kikatoka.

---

Mama Faridi

Mwanangu, mimi sina elimu ya maabara. Nauza kaa na chaza, nachukua kwa vijana wanaotoka mikokoni, wengine wanatoka huko huko Salenda. Nikivichemsha vizuri, si sumu inakwisha? Niambie ukweli, nina wateja wa miaka.

---

MtoHai

Shikamoo mama.

Ukweli ni huu: kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, usiache kuchemsha. Lakini risasi na kadmi haziungui, haziozi, wala haziharibiwi na moto wa jikoni. Kidogo kinaweza kuhamia kwenye supu, kingine kinabaki kwenye nyama.

Kwa kaa, kuna tofauti kubwa kati ya sehemu na sehemu. Nyama nyeupe ya magando na miguu huwa na metali kidogo. Ile ya kahawia ndani ya gamba, laini, ambayo watu wengine wanaipenda kwa utamu, ni tezi inayofanya kazi kama ini. Kadmi inakusanyika humo. Kwa kaa wa maeneo ya mjini, mama, ningekushauri uitoe na usiwape watoto wala wajawazito. Shaba usiishangae, kaa na konokono damu yao inatumia shaba kubeba oksijeni kama yetu inavyotumia chuma, kwa hiyo hata kaa wa Mafia anayo.

Chaza ni habari nyingine. Yeye hatembei, anachuja maji siku nzima na kubaki na kilichomo. Anakusanya zinki na shaba kuliko karibu kiumbe chochote cha pwani. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 nchi nyingine zimekuwa zikiwatumia chaza na kome kama walinzi wa pwani: unapima nyama yao badala ya kupima bahari. Ulaya imeweka ukomo, kwa kombe na chaza kadmi isizidi miligramu 1 kwa kilo ya nyama mbichi na risasi isizidi 1.5. Kama unao uwezo wa kuchagua, chukua chaza wa mbali na mdomo wa mto. Najua bei na nauli si zilezile, na si haki mzigo huo ubebwe na wewe ambaye hukumwaga kitu mtoni.

---

mwanamaji_mwaka3

Mkuu MtoHai, nasoma sayansi ya viumbe wa majini na nafikiria kufanya mradi wangu hapa. Je, kuna kazi zilizokwisha kufanyika Msimbazi? Na umesema Salenda mara mbili, kwa nini hasa mdomo wa mto?

---

MtoHai

Zipo. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, walipima kadmi, shaba, risasi na zinki. Mwaka 2001 ukatoka mwingine wa maeneo manne ya mikoko ya Dar, Msimbazi ikiwemo. Walipima mashapo, yaani tope lililozama, na konokono mdogo anaitwa Littoraria scabra, yule anayepanda miti ya mikoko. Kwenye mikoko iliyochafuliwa konokono walikuwa wadogo kuliko wenzao wa mikoko misafi. Fikiria hilo: kiumbe hajafa, lakini nguvu ambayo ingemkuza inatumika kupambana na sumu. Ukipita hapo kwa daladala huoni chochote.

Ila kumbuka huyo ni wa shina la mti. Wa ndani ya tope la juu kwenye mto wenyewe, Vingunguti, Tabata, Kigogo, ndio ningependa uwafanyie kazi, maana huko ndiko pengo lilipo kwa maoni yangu.

Kuhusu mdomo wa mto: maji baridi yakikutana na ya chumvi, chembe za mfinyanzi zilizokuwa zinaelea kila moja peke yake zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Mizizi ya mikoko inapunguza kasi ya maji, zinazama zaidi. Kwa hiyo kile kilichotoka Ukonga kinalala pale. Halafu kadmi ina tabia yake: kloridi iliyo kwenye chumvi ya bahari inaivuta kutoka kwenye chembe na kuirudisha majini. Risasi haifanyi hivyo kwa kiasi hicho. Ndiyo maana ukipima metali moja ukadhani umepima zote, umepotea. Zebaki nayo ina njia yake, bakteria wa tope wanaigeuza methili zebaki, na hiyo ndiyo inayopanda kwenye mnyororo wa chakula ikiongezeka kila ngazi. Risasi kwa kawaida haipandi hivyo, inapungua ukienda juu. Watu mitandaoni wanaandika kwamba kila metali inaongezeka hadi kwa samaki mkubwa, si kweli, na tukisema uongo kwenye jambo la kweli tutapuuzwa.

---

Koleo na Mchanga

Sisi tunaochimba mchanga Msimbazi mnatusahau. Tunasimama ndani ya hilo tope toka asubuhi. Ukichimba chini linatoka jeusi tii na harufu ya mayai viza. Juu ni la kahawia, chini jeusi. Hiyo nyeusi ndiyo risasi?

---

MtoHai

Kaka, hujasahaulika, na ulichokiona kwa macho yako ni kitu muhimu kuliko yote kwenye uzi huu.

Nyeusi yenyewe si risasi. Ni chuma kilichoungana na salfa. Chini hakuna oksijeni, bakteria wanatoa gesi ya salfa ndiyo hiyo harufu ya mayai viza, na salfa ikikutana na chuma tope linakuwa jeusi. Sasa salfa hiyohiyo inashika pia kadmi, risasi, zinki na shaba, inazifunga, haziyeyuki kirahisi. Kwa maana hiyo tope jeusi likiachwa limelala ni kama gereza la metali.

Tatizo linaanza likifunuliwa. Ukilipindua kwa koleo, au mafuriko yakalichimbua, oksijeni inaingia, salfa inaungua taratibu, gereza linafunguka na metali zinatoka. Ukiacha kipande cha tope jeusi juani utaliona lenyewe linageuka kahawia. Mabadiliko hayo ya rangi ndiyo mlango ukifunguka.

Na tope la chini ni la zamani. Petroli yenye risasi iliondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Kabla ya hapo miaka na miaka magari ya Dar yalikuwa yanatema risasi barabarani na mvua inaipeleka mtoni. Hiyo iko chini yako unaposimama. Yule mnyoo niliyemsema, anayekula chini na kutoa juu, naye anaipandisha polepole.

Kwako binafsi: kanyaga na buti, usile chochote kabla hujanawa kwa sabuni, na nguo za kazini zisilale chumba kimoja na watoto. Risasi inaingia zaidi kwa mdomo kuliko kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto anaumia ubongo kabla mtu hajaona dalili yoyote.

---

kigogo_juu

Hapo ndipo nimeshtuka. Si wanakuja kupanua na kuchimbua mto? Mradi wa Bonde la Msimbazi.

---

MtoHai

Ndiyo, na ndiyo sababu nimeleta uzi huu sasa. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022 kwa mradi huo. Mimi siupingi hata kidogo. Watu wamekufa maji Jangwani, Desemba 2011 peke yake walikufa zaidi ya 40 jijini. Bonde linahitaji kazi kubwa, daraja lijengwe, mto upewe nafasi yake.

Ninachotaka kijibiwe hadharani ni hiki: tope litakalochimbuliwa linapimwa metali kipande kwa kipande kabla ya kuinuliwa? Linakwenda kumwagwa wapi? Likimwagwa juu ya ardhi likakauka na mvua ikalipiga, yale niliyomweleza ndugu yetu wa koleo yatatokea kwa malori mengi. Kuna viwango vinavyotumika sana duniani kwa mashapo ya maji baridi. Risasi ikiwa chini ya miligramu 36 hivi kwa kilo ya tope kavu, madhara kwa viumbe wa chini hayatarajiwi. Ikivuka 128, yanatarajiwa. Kadmi ni takriban 1 na 5. Tope la chini ya mstari wa kwanza lijaze mashimo, halina neno. La juu ya mstari wa pili lisiguse shamba la mchicha wala uwanja wa shule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ipo, na ile marufuku ya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni imeandikwa. Kinachokosekana ni takwimu za tope zikae mahali ambapo mwananchi anaziona.

---

PwaniMombasa

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nisaidie kutilia mkazo. Hapa kwetu mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, mahakama ikaamua Julai 2020 wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kuzunguka mahakamani miaka mingine. Wakati wote huo risasi iko palepale kwenye udongo. Kiwanda kinafungwa kwa siku moja, risasi haifungwi. Ninyi mna nafasi ya kupima kabla. Itumieni.

---

MtoHai

Asante sana ndugu. Mama Phyllis Omido, mwanaharakati wa mazingira, na wakazi wa pale walipigana kwa sababu damu za watoto zilipimwa. Bila namba zile wangeambiwa wana hisia tu. Nasi tunahitaji namba zetu.

---

mwanamaji_mwaka3

Nimeamua, nafanya. Msimamizi wangu amekubali nianze na minyoo na vibuu. Nielekeze namna ya kuchukua sampuli ili kazi isiharibike, maana vifaa vyetu ni vya kuungaunga.

---

MtoHai

Umenifurahisha sana mdogo wangu. Vifaa vya kuungaunga vinatosha ukiwa mwangalifu.

Usitumie kitu cha chuma wala bati. Ndoo ya bati inatoa zinki na utapima ndoo. Tumia kijiko na kopo la plastiki, vyote viwe vimelowekwa kwenye tindikali ya nitriki iliyozimuliwa na kusuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa. Tope la juu, sentimita mbili za kwanza, liweke kopo lake, la chini yake kopo jingine. Chekecha kwa chekecheo la nailoni ubaki na chembe zilizo chini ya maikromita 63, maana metali hukaa kwenye mfinyanzi, na ukilinganisha mchanga wa Pugu na tope la Jangwani bila kuchekecha utakuwa unalinganisha ukubwa wa chembe tu.

Wanyama ndipo wengi wanapokosea. Mnyoo uliyemtoa sasa hivi tumbo lake limejaa tope. Ukimkausha na kumyeyusha hivyo, umepima tope ndani ya mfuko wa ngozi. Waweke kwenye maji safi siku moja hadi mbili, ubadilishe maji, mpaka utumbo ule mweusi unaoonekana kwa ndani ya ngozi uwe mweupe. Halafu wachache wapime bila kuwasafisha, kwa sababu samaki hamsubiri mnyoo atoe uchafu, anammeza naye. Namba zote mbili ziandike, zina kazi tofauti. Vibuu vya kironomidi ukipata hadubini watazame meno, yakiwa yamekosekana au yamepinda kuliko kawaida andika idadi, ni dalili inayofuatiliwa sana kwenye tope lenye sumu.

Kituo cha kulinganishia kiwe juu kabisa Pugu, kabla mto haujaingia mjini. Mdomoni chukua wakati maji yamekupwa, na uandike saa. Usiende peke yako, na usiingie mtoni siku mvua imenyesha Kisarawe hata kama Dar ni jua kali. Ukianza nitumie ujumbe, mashine ya kupimia nitakusaidia kuipata.

---

Koleo na Mchanga

Dogo ukija Kigogo niulizie pale tunapopakia. Napajua mahali tope la juu halijaguswa na koleo.